Meza ya kusomea yenye kiti-sanduku: mwongozo kamili wa kuitengeneza kwa paini ya Nyanda za Juu Kusini

Maswali ninayoulizwa kuhusu samani za chumba kimoja yanafanana mno. Mtu amenunua mbao, amekata, ameunga, amepaka vanishi mpaka zinang'aa. Akikaa kuandika, mapaja yanagota kwenye droo. Mabega yanapanda kwa sababu meza iko juu. Ikifika Januari, mvua zimekolea, kifuniko cha sanduku hakifungi na uso wa meza umejikunja.

Matatizo haya yote yana vyanzo viwili vikubwa: vipimo vilivyochukuliwa kwenye meza ya jirani badala ya mwili wa mtumiaji, na mbao zilizofanyiwa kazi zikiwa mbichi. Kwa hiyo nimetumia nafasi kubwa kwenye hatua mbili za kwanza. Tafadhali usiziruke.

Tunatengeneza kitu kimoja chenye vipande viwili. Kwanza ni meza ya sentimita 110 kwa 56. Pili ni kiti cha benchi ambacho ndani yake ni sanduku, chenye egemeo fupi la kiuno, na kinachoingia chote chini ya meza usipokitumia. Mchana unasomea, jioni unalia chakula, mgeni akija unavuta benchi, na ndani yake zinakaa blanketi za Juni au madaftari. Kinafaa chumba cha mwanafunzi anayepanga Kihesa mjini Iringa au Iyunga jijini Mbeya, na kinafaa vilevile familia yenye sebule ndogo.

## Vifaa vya kununua

Mbao za paini kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa futi 12, yaani kama sentimita 366. Utahitaji (namba kama 2x2 ni unene na upana kwa inchi):

- 2x2: vipande 4 (miguu, reli yaani miti ya kulala inayounga miguu, nguzo za kiti)
- 1x6: vipande 2 (uso wa meza, egemeo, fito)
- 1x8: vipande 2 (kuta na kifuniko cha sanduku)
- plaiwudi ya milimita 9, kipande kisichopungua sentimita 90 kwa 80
- skrubu za milimita 35, 40, 50 na 60
- bawaba 3 za inchi 2
- gundi nyeupe ya mbao
- msasa namba 80, 120 na 180
- sila ya kuzibia, vanishi na tina ya kuizimulia

Vyombo: futi ya chuma, guniya (ya kupimia pembe mraba), msumeno, randa, patasi, nyundo, drili au keekee, na klampu zisizopungua 3. Kama huna klampu, kamba ya katani na kijiti cha kuisokota vinabana vizuri. Kupiga randa kwa mkono mbao zote hizi ni kazi nzito. Karakana nyingi zenye mashine ya randa zitakupigia kwa malipo. Waambie unataka 1x6 na 1x8 zibaki na unene wa sentimita 2, na 2x2 zibaki sentimita 4.5 kila upande.

Onyo kuhusu mbao za dawa. Zile zenye rangi ya kijani zimetiwa kemikali ya kuzuia mchwa kwa ajili ya paa na nguzo. Usizitumie kwenye meza ya chakula wala kwenye sanduku la kuwekea vitu vya ndani, na vipande vyake usivichome jikoni, kwa sababu moshi na majivu yake yana sumu.

## Hatua ya 1: Pima mwili kabla ya kupima mbao

Kaa juu ya kitu kigumu, mapaja yakiwa mlalo, nyayo zote zimekanyaga sakafu. Vaa ndala au viatu unavyovaa ukiwa ndani. Kwa baridi ya huku watu wachache wanasoma pekupeku, na soli ya sentimita 2 inabadilisha hesabu. Mtu mwingine akupime vitu vinne.

Nyuma ya goti hadi sakafuni. Toa sentimita 1. Hicho ndicho kimo cha kiti. Kiti kikizidi hapo, ukingo wake unabana chini ya paja na miguu inakufa ganzi.

Kiti hadi kiwiko. Legeza bega, kunja mkono uwe pembe mraba, kisha pima kutoka pale ulipokalia hadi chini ya kiwiko. Jumlisha na kimo cha kiti, ongeza sentimita 2. Hicho ndicho kimo cha uso wa meza.

Unene wa paja mahali linapokuwa nene zaidi. Ongeza sentimita 3 za kujigeuza. Nafasi hii lazima iwepo kati ya kiti na mti wa mbele wa meza, yaani reli ndefu ya juu upande unaokaa.

Nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti. Toa sentimita 5 hivi, upana wa vidole vitatu. Kina cha kiti kisizidi hapo.

Mwongozo huu unafuata mtu ambaye goti lake ni sentimita 44 na kiwiko sentimita 26. Kiti chake ni 43. Meza yake ni 43 + 26 + 2 = 71. Vipimo vyako vikitofautiana, badilisha kimo cha miguu ya meza, kimo cha kuta za sanduku pamoja na nguzo zake za pembe, na urefu wa nguzo za egemeo. Vingine vyote vinabaki vilevile.

Meza nyingi za dukani zina kimo cha sentimita 75 hadi 76. Kwa mtu mwenye vipimo hivi, meza ya 76 inamlazimisha ainue mabega saa zote anazoandika, na maumivu ya shingo anayoyasingizia mto yanaanzia hapo.

Kama watumiaji ni wawili na hawalingani kimo, jenga kwa vipimo vya aliye mrefu, kisha aliye mfupi mtengenezee kijibao cha kuwekea miguu na mto wa kukalia. Ukijenga kwa kipimo cha mfupi, mrefu hana namna ya kupunguza magoti.

Kwa nini hakuna droo. Tufanye hesabu. Meza iko 71, uso una unene wa 2, mti wa mbele ni 4.5. Chini ya mti huo panabaki 64.5. Kiti kiko 43, kwa hiyo mapaja yana sentimita 21.5. Weka droo ya kawaida yenye kimo cha sentimita 12 na nafasi hiyo inashuka hadi 14 au pungufu. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu meza nzuri. Fundi akikushawishi kuweka droo, mkatalie kwa upole. Sanduku unalokalia lina nafasi kubwa kuliko droo yoyote.

## Hatua ya 2: Chagua mbao na uzikaushe kweli

Kwa bahati nzuri paini iko mlangoni kwetu. Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na Mafinga na Njombe kuna mbao kila kona. Tatizo ni kwamba nyingi zinatoka kwenye msumeno na kupakiwa zikiwa bado na maji.

Unapochagua, inua ubao, uangalie kwa urefu wake kama unavyolenga shabaha. Uliosokotwa uache, hata ukipunguziwa bei. Uache pia wenye kiini cha mti katikati, ile duara ndogo inayoonekana kwenye ncha, kwa sababu utapasuka au kujipinda ukikauka. Fundo ndogo zilizoshikamana hazina shida. Fundo nyeusi inayotikisika itadondoka na kuacha tundu. Madoa ya bluu kijivu ni ukungu wa paini mbichi. Yanaharibu sura tu, nguvu ya mbao inabaki ileile, kwa hiyo ziweke mbao hizo upande wa ndani.

Milingoti, yaani mikaratusi, ni migumu na inavutia kwa miguu ya meza, lakini inajipinda na kupasuka sana inapokauka. Kama hujawahi kuifanyia kazi, baki na paini.

Kukausha: panga mbao kivulini penye upepo, safu juu ya safu, na kati ya kila safu laza fito zenye unene wa sentimita 2, zikiwa zimepishana kama nusu mita na zimenyooka juu kwa juu. Weka mawe juu ya rundo. Usianike juani, kwa sababu uso utakauka kabla ya ndani na mbao itapasuka ncha. Kupaka rangi kwenye ncha zote kunapunguza mipasuko hiyo.

Sasa swali ambalo kila mtu anauliza: nitajuaje zimekauka? Kugonga na kusikiliza hakutoshi. Tumia mzani. Chagua ubao mmoja, utie alama, uupime mzani wa dukani kila Jumamosi na kuandika uzito. Mwanzoni utaona unashuka haraka. Uzito ukibaki palepale kwa wiki mbili mfululizo, ubao umetoa maji yote unaoweza kutoa kwa hewa ya hapo ulipo. Mbao za inchi moja huchukua wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu kwa kutegemea baridi na upepo. Za 2x2 zinachelewa zaidi, kwa hiyo pima na moja ya hizo pia.

Wiki ya mwisho ingiza mbao ndani ya nyumba ambamo meza itakaa.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi, Mei hadi Oktoba. Ila kumbuka kwamba mbao iliyokaushwa Septemba itavimba kidogo mvua za Desemba zikianza. Ndiyo maana huko mbele utaniona naacha nafasi na kutanua matundu.

## Hatua ya 3: Kata

Kata baada ya randa, kamwe usikate kabla. Futi yako iwe ileile moja mwanzo hadi mwisho. Futi mbili tofauti zinaweza kupishana milimita mbili bila wewe kujua.

Kutoka 2x2: miguu 4 ya sentimita 69. Reli ndefu 3 za sentimita 101. Reli fupi 4 za sentimita 49. Nguzo za egemeo 2 za sentimita 63. Nguzo za pembe za sanduku 4 za sentimita 37. Mhimili wa kiti 1 wa sentimita 81.

Kutoka 1x6: vipande 6 vya sentimita 110. Vinne ni uso wa meza, kimoja ni egemeo, kimoja kinapasuliwa kuwa fito. Hifadhi vipande vifupi viwili vinavyobaki.

Kutoka 1x8: vipande 6 vya sentimita 85 (vinne kuta ndefu, viwili kifuniko) na vipande 4 vya sentimita 34 (kuta fupi).

Kila 1x8 ibaki na upana wa sentimita 19.5. Ukipata 19 tu baada ya randa, usinunue nyingine: kuta zitapungua sentimita 1, nawe utaifidia kwa kuongeza unene wa fito za chini ya sanduku.

Vipande vinavyopaswa kulingana, vipange pamoja na usimamishe ncha zake mezani. Ukipitisha kiganja juu usihisi ngazi.

## Hatua ya 4: Fremu ya meza

Reli zinaungwa na miguu kwa ulimi na tundu. Misumari pekee haitoshi hapa, kwa sababu meza inasukumwa na kuvutwa kila siku, na msumari kwenye paini unalegea polepole.

Kila ncha ya reli chonga ulimi wa urefu wa sentimita 3 na unene wa sentimita 1.5. Toboa matundu kwenye miguu kwa drili kwanza, kisha nyoosha kuta zake kwa patasi. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo. Ukihitaji nyundo nzito, punguza, utapasua mguu.

Reli mbili ndefu zinakaa juu kabisa, mbele na nyuma. Ya tatu inakaa nyuma, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 15 kutoka sakafuni. Hiyo ndiyo utakayokanyagia miguu. Mbele chini hapawekwi kitu, ndipo benchi linapopita. Reli fupi za juu zishushe sentimita 5 chini ya ncha ya mguu, na za chini zikae sentimita 8 kutoka sakafuni. Sababu ya kuzipishanisha ni kwamba ndimi za sentimita 3 ndani ya mguu wa 4.5 zingekutana na kugongana.

Unga kwanza bila gundi. Kila kitu kikikaa sawa, bomoa, paka gundi, unga tena, bana. Sasa pima kutoka pembe hadi pembe, mshazari mmoja na mwingine. Vikilingana, pembe za fremu ni mraba. Visipolingana, sukuma pembe zilizo mbali mpaka vilingane, kabla gundi haijashika.

Onyo la baridi: gundi nyeupe haishiki vizuri hewa ikiwa chini ya nyuzi 10 hivi, na asubuhi za Juni na Julai kule Makete, Njombe na Mufindi ziko huko au chini zaidi. Gundi iliyoganda kwa baridi inageuka nyeupe kama chaki na inakwanguka kwa ukucha. Gandisha saa za mchana, ndani ya nyumba, mbao zenyewe zikiwa zimepata joto la chumba.

Umefaulu ikiwa fremu iliyokauka, ukiisimamisha kwenye sakafu tambarare na kuisukuma kwa ubavu, haitoi sauti wala haichezi.

## Hatua ya 5: Uso wa meza

Mbao nne nyembamba zinajikunja kidogo kuliko mbao tatu pana, ndiyo sababu tumetumia 1x6. Piga randa kingo mpaka ukisimamisha ubao mmoja juu ya mwingine mwanga haupiti kati yake. Paka gundi kingo zote, bana kwa klampu, mbili chini na moja juu katikati ili uso usipinde. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji palepale. Ikikauka juu ya paini, vanishi haitaingia hapo na doa litaonekana milele.

Ikikauka, weka chini yake fito mbili za sentimita 40 zikikatiza mbao, kwa skrubu za milimita 35 bila gundi. Matundu ya skrubu kwenye fito yatanue yawe marefu kidogo kufuata upana wa meza, isipokuwa la katikati.

Kisha laza uso juu ya fremu, ukizidi sentimita 2 mbele na nyuma na 3 kila ubavu. Reli ya mbele ifunge kwa skrubu za milimita 60 kupitia matundu ya kawaida. Reli ya nyuma ifunge kwa skrubu hizohizo kupitia matundu marefu. Mbao inavimba na kusinyaa kwa upana, karibu haibadiliki kwa urefu. Upana wa sentimita 56 unaweza kuongezeka milimita kadhaa kati ya Septemba na Februari, na ukiufunga pande zote mbili bila nafasi ya kutembea, lazima upasuke. Matundu marefu ya nyuma yanaupa ruhusa ya kutembea kuelekea ukutani, ambako hakuna anayeona.

Usitumie skrubu ndefu kuliko 60. Inaingia milimita 15 kwenye ubao wa 20. Ikizidi hapo ncha inatokea juu.

Mwisho, ukingo wa mbele wa meza uzungushe kwa randa na msasa mpaka mkono ukiulalia usikate.

## Hatua ya 6: Sanduku

Kila ukuta una mbao mbili, moja juu ya nyingine, na jumla ya kimo sentimita 39. Funga mbao hizo kwenye nguzo za pembe kwa skrubu za milimita 40, mbili kwa kila ubao kila upande, bila gundi, na uache mwanya wa milimita 1 hadi 2 kati ya ubao wa juu na wa chini. Nguzo zina sentimita 37, kwa hiyo ziache sentimita 1 juu na 1 chini. Mbao zikisinyaa, nguzo hazitatokeza na kuinua kifuniko.

Kwanza toboa kitundu cha milimita 3 kwa kila skrubu. Paini ikipigwa skrubu kavukavu karibu na ncha hupasuka, na ufa huo hauzibiki vizuri.

Kuta ndefu zikae nje, fupi kati yake. Sanduku linakuwa sentimita 85 kwa 38.

Sakafu ni plaiwudi ya sentimita 81 kwa 34, iliyokatwa pembe nne kupisha nguzo, ikilalia fito zilizofungwa ndani kuzunguka kuta. Chini ya kuta fupi funga fito mbili za unene wa sentimita 2, zielekee mbele na nyuma. Zinafanya kazi mbili: benchi linateleza kwa urahisi, na hewa inapita chini ya sanduku. Sakafu za saruji huku zinatoa unyevu wakati wa masika, na sanduku lililokaa moja kwa moja juu yake linaota ukungu chini.

Toboa matundu mawili ya sentimita 2 kwenye ukuta wa nyuma, juu. Usiweke komeo linalojifunga lenyewe. Watoto huingia masandukuni kucheza, na hakuna haraka ya kufunga blanketi inayostahili hatari hiyo.

## Hatua ya 7: Egemeo na kifuniko

Hapa ndipo penye ufundi wa samani hii, na ndipo nitakapokaa zaidi kidogo.

Benchi lisilo na egemeo linachosha kiuno baada ya saa moja. Egemeo refu haliwezi kupita chini ya meza. Lakini mtu anayeandika haegemezi mabega. Anachohitaji ni kitu kinachoshika mgongo juu kidogo ya nyonga. Sehemu hiyo inaanzia kama sentimita 10 juu ya kiti na kupanda hadi 20 na kitu. Kiti chetu kiko 43, tunaweza kupanda hadi 63, na mti wa mbele wa meza uko 64.5. Egemeo linapita na kubakiza sentimita 1.5.

Chukua nguzo mbili za sentimita 63. Uso wa mbele wa kila nguzo, kuanzia sentimita 43 kutoka chini, uchonge kwa mteremko: usipunguze kitu pale 43, na ufikie sentimita 1.5 kwenye ncha ya juu. Hivyo egemeo litalala nyuma kidogo badala ya kukusukuma mbele.

Zifunge nguzo nje ya ukuta wa nyuma, kila moja sentimita 12 kutoka pembeni, kwa skrubu za milimita 50 zinazoingia kutoka ndani ya sanduku. Ncha zake za chini ziguse sakafu sawasawa na fito za kuteleza. Zikiinuka hata kidogo, benchi litapinduka nyuma mtu akiegemea kwa nguvu.

Egemeo lenyewe ni ubao wa sentimita 75 kwa 10, unaofungwa kwenye uso uliochongwa, kati ya 53 na 63. Zungusha kingo zake zote. Ukipitisha mkono usihisi kona.

Sasa kifuniko. Ukiweka bawaba nyuma kabisa, kifuniko kitagota kwenye egemeo kabla ya kusimama, kisha kitakuangukia mkononi. Kwa hiyo tunakigawa. Pasua ubao mmoja wa 85 kwa urefu, upate utepe wa sentimita 9 na mwingine wa 10 hivi. Utepe wa 9 unafungwa moja kwa moja juu ya sanduku upande wa nyuma. Ule wa 10 unaungwa kwa gundi na ubao mzima wa 19.5, na huo ndio mlango wa sanduku. Bawaba zinakaa kwenye mstari kati yao, zikiwa zimezamishwa kwa patasi mpaka zilingane na mbao. Ukikifungua, kifuniko kinapita wima na kuegemea ubao wa kiuno chenyewe, mikono yako yote miwili ikiwa huru.

Chini ya mstari wa bawaba, kabla ya kufunga utepe, weka mhimili wa 2x2 wa sentimita 81, kutoka ukuta mfupi hadi mwingine, katikati yake ikiwa sentimita 9 kutoka nyuma na uso wake wa juu ukilingana na kuta. Ufunge kwa skrubu mbili za milimita 60 kila upande, kisha weka kitalu cha mbao chini ya kila ncha kama kizingiti. Skrubu zinazoingia kwenye ncha ya mbao zinashika kidogo; vitalu ndivyo vitakavyobeba uzito wa mtu. Mabenchi mengi ya sanduku yanavunjikia kwenye bawaba kwa kukosa mhimili huu.

Chini ya kifuniko weka fito mbili za sentimita 23 zikikatiza mbao. Acha mwanya wa milimita 2 kwenye mstari wa bawaba. Mbele, chonga kijipengo cha upana wa vidole vinne kwenye ukuta, ili mtu afungue bila kubanwa.

Ukitaka mto wa sponji, ukalie kwanza na upime unabaki na unene gani ukiwa umebonyea. Kiasi hicho kitoe kwenye kimo cha kuta kabla hujakata, la sivyo kazi yote ya hatua ya kwanza inapotea.

## Hatua ya 8: Ubao wa mwinamo

Plaiwudi iliyobaki kata sentimita 45 kwa 35. Nyuma iinue kwa vitalu vya sentimita 9, mbele weka ufito mwembamba wa kuzuia kitabu kisiteleze. Mwinamo huo ni kama nyuzi 15, na unaleta kitabu machoni badala ya shingo kukifuata kitabu. Mwenye kompyuta mpakato anaweza kuiweka juu yake kwa kusoma. Akichapa kwa muda mrefu, atumie kibodi ya pembeni iliyokaa mezani.

## Hatua ya 9: Msasa na vanishi

Msasa 80, kisha 120, kisha 180, kila mara kufuata mkondo wa mbao. Futa vumbi. Paka sila, ikikauka pitisha 180 kidogo, kisha vanishi mara mbili kwenye sanduku na mara tatu kwenye uso wa meza.

Paka pande zote mbili za uso wa meza na kifuniko, chini na juu, idadi ileile. Ukipaka juu tu, chini kutakunywa unyevu wa masika na juu hapatakunywa, na ubao utajikunja hata kama ulikuwa mkavu kabisa. Hii ndiyo sababu ya pili ya malalamiko ya Januari, na haigharimu zaidi ya robo saa kuizuia.

Fanya kazi hii mchana wenye jua, milango ikiwa wazi, mbali na jiko la mkaa. Mvuke wa tina unashika moto. Sanduku liache wazi mpaka harufu iishe kabisa kabla ya kuweka nguo, na unga au mchele uwe ndani ya ndoo zenye mifuniko.

## Hatua ya 10: Jaribu kabla ya kusema imekwisha

Kaa. Nyayo zote zimekanyaga sakafu au reli ya nyuma. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vinapita vidole vitatu au zaidi. Unaweza kuinua paja na kuligeuza bila kugusa mti wa mbele. Laza mikono mezani: mabega yamebaki yamelegea. Egemea: ubao unagusa juu kidogo ya mkanda wa suruali.

Inuka, sukuma benchi kwa goti. Linaingia lote na kusimama kwenye reli ya nyuma bila egemeo kukwaruza.

Mtu mzima akae katikati ya kifuniko, kisha kwenye ncha moja, kisha aegemee kwa nguvu. Sikiliza mlio. Mlio kwenye bawaba maana yake vitalu vya mhimili havijagusa. Weka kabari nyembamba.

Meza ikitikisika, usikate mguu haraka. Hamisha meza sehemu nyingine ya sakafu kwanza. Tatizo likihama, sakafu ndiyo mbovu, na kipande cha raba kinatosha. Tatizo likibaki, pima pengo chini ya mguu unaoelea, kisha punguza kiasi hicho kwenye mguu ulio jirani nao kwa msasa namba 80, kidogo kidogo.

Mwezi mmoja baada ya mvua kuanza, kagua skrubu zote za sanduku na bawaba na uzikaze kwa mkono. Kifuniko kikianza kukwama, ngoja mpaka wiki ipite bila mvua kabla ya kupiga randa, uone kama kitarudi chenyewe. Ukikiparua kingali kimevimba, Agosti kitakuwa na pengo. Kikiendelea kukwama hata hivyo, ondoa milimita 1 kwenye ukingo wa bawaba na upake vanishi palepale ulipoparua.